Mikono kwanza, mashini baadaye: namna ya kupunguza gharama za spa ndogo hapa Bukavu

Haya ni mazungumzo ya animateri wetu wa kazi za mapato mbele ya memba, siku ya mkutano wa mwezi. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, kwa ajili ya wale waliokosa kufika na kwa wafadhili wetu wanaosoma jarida hili wakiwa mbali.

Jambo kwa wandugu wapya waliorudi mwaka huu toka Nakivale na toka Bujumbura. Karibuni nyumbani, hata kama nyumba yenyewe bado munaitafuta.

Niliombwa nizungumze juu ya biashara ya spa, namna ya kuianza na kuiendesha bila kumaliza feza. Najua wengine mumecheka muliposikia hilo neno. Baba mmoja aliniuliza pale mlangoni: "Animateri, spa ni kitu ya kula?" Hapana, baba. Spa ni nyumba ambamo mtu anaingia akiwa amechoka, anaoshwa miguu, anakandwa mgongo, anasuguliwa ngozi, anajifukiza mvuke, halafu anatoka akiwa mwepesi. Hoteli za kandokando ya ziwa zinauza kazi hiyo kwa dola. Lakini bibi zetu waliifanya bila kuipa jina. Mama akizaa, alikandwa na maji ya moto. Mtu akiwa na mafua, alifunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani. Kwa hiyo kazi si ngeni kwetu. Kilicho kigeni ni jina, pamoja na bei ya mashini ambazo tunafikiri ni za lazima.

Mbele ya kuwafundisha chochote, inafaa niwaambie kosa langu.

Kosa langu

Miaka miwili iliyopita nilikuwa nafanya kazi na shirika lingine, silitaji. Tulipata dola 1,800 kwa ajili ya wamama watatu waliorudi, wote walikuwa wamejifunza kazi ya urembo kule ukimbizini. Ni miye niliyeandika bajeti. Niko na diplomi ya chuo kikuu, basi niliiandika vizuri, na tablo zake zote. Sikilizeni feza ilivyokwenda. Garanti ya nyumba katikati ya mji, miezi sita kwa dola 100: dola 600. Kabini ya mvuke ya umeme: 450. Makaske mawili ya kukausha nywele: 160. Viti na vioo: 300. Rangi ya ukuta na kibao cha mlangoni: 150. Jumla dola 1,660. Zilibaki dola 140 kwa mafuta, taulo, sabuni, maji, makala na chakula cha wale wamama watatu mpaka wateja waanze kuja.

Siku ya kupokea vyombo, mmoja wao alinivuta kando akaniuliza: "Mwanangu, hii mashini itakunywa kuran ya wapi?" Nikamjibu kwamba kuran itatengenezwa, kuko proje. Alinyamaza kwa heshima. Yeye hakusoma sana, lakini swali lake lilikuwa na maana kuliko tablo zangu zote.

Munajua wenyewe. Mji wetu uko kando ya Ruzizi, na juu ya mto huo kuko Ruzizi ya kwanza na Ruzizi ya pili, lakini katika kartie nyingi kuran inakuja usiku wa manane wakati mteja amelala. Ile kabini ilitumika siku chache. Jioni moja kuran ilirudi na nguvu, ikaunguza kitu ndani, na tulikosa spea. Mafuta yalimalizika juma la tatu. Wamama walikopa katika likelemba ili wanunue mengine. Mwezi wa tano garanti ilikuwa karibu imekwisha kwa sababu walishindwa kulipa nyumba, na mwenye nyumba akawaomba watoke.

Katika ripoti tuliandika kwamba "wanufaika watatu wamepewa vyombo". Hiyo ni kweli, walipewa. Mmoja wa wale wamama yuko hapa leo, amenipa ruhusa niseme bila kumtaja. Deni la likelemba bado analilipa mpaka sasa. Shirika lilifunga proje, gari likaenda, naye alibaki na deni.

Kwa nini nasema haya leo? Sababu chama chetu kiko na dola 900 za mfuko wa kuzungusha, na hakuna zingine zinazotarajiwa mwaka huu. Siku ya Mungu ijayo mutaamua matumizi yake. Kuko wazo la kukodi nyumba moja nzuri kule Nyawera na kununua kabini moja ya wote. Na kuko wazo lingine, ambalo nitawaeleza. Nawaomba tusirudie bajeti yangu.

Anza na kile kisichoomba kuran

Tazameni kazi za spa moja moja, mujiulize kila moja inakula nini. Kaske ya kukausha nywele inaomba wati elfu moja hivi, na kabini ya mvuke inaomba zaidi. Lakini kukanda mgongo kunaomba mikono miwili na mafuta kidogo. Kuosha na kusugua miguu kunaomba beseni, maji ya moto na jiwe. Kufukiza uso kunaomba sufuria na kitambaa safi. Mteja analipa vizuri kwa hizi kazi tatu, na wewe hununui mashini hata moja.

Dada mmoja aliyerudi toka Uganda alianza hivyo kule Panzi. Nitawapa hesabu yake kama alivyonionyesha katika kaye. Kitanda cha kukandia, kilichotengenezwa na seremala wa avenyu: dola 45. Taulo 12 kwa dola tatu: 36. Mabeseni mawili: 8. Termosi mbili kubwa: 16. Mafuta litri tano: 20. Mbabula na sufuria: 15. Sabuni, javel na alkoli: 10. Jumla dola 150. Hakukodi nyumba. Aliomba kona katika saluni ya kusukia nywele ambayo tayari iko na wateja, akafunga pazia, akakubaliana na mwenye saluni kumpa robo ya kila anacholipwa. Siku bila mteja, hana deni la nyumba. Siku ya wateja wengi, mwenye saluni naye anafurahi. Hakuna garanti, hakuna kibao, hakuna rangi. Wateja wake wa kwanza ni wale wale waliokuwa wanakaa saa tatu wakisukwa na miguu inawauma.

Fundi wa kitanda umpe kipimo kabla hajakata mbao. Simama wima, acha mkono ushuke, ufunge ngumi: kitanda kifike karibu na ngumi yako. Kikiwa chini sana, mgongo wako ndio utalipa, na mgongo wa mfanyakazi hauna spea.

Maji, moto na taulo

Hapa ndipo makuta yanavuja polepole bila mtu kuona.

Tuanze na maji. Robine zinaweza kukauka siku nyingi, kisha tunanunua bidoni kwa vijana wanaopanda nazo milima. Lakini Bukavu mvua inanyesha kwa miezi kama tisa, tangu mwezi wa tisa mpaka wa tano. Bati la metre tano kwa metre nne ni metre karé 20. Mvua ya milimetre 10 tu inaleta juu ya bati hilo litri karibu 200, ndiyo bidoni kumi. Funga mfereji wa bati, weka pipa, acha maji ya kwanza yapite kwanza sababu yanaosha uchafu wa bati, halafu pokea. Maji hayo ni mazuri kwa kufua taulo na kuosha miguu. Kwa uso, yachemshe. Pipa lifunikwe, tusilee mbu.

Moto: usiwashe mbabula kwa kila mteja. Chemsha mara mbili kwa siku, asubuhi na saa nane, ujaze termosi. Maji ya moto ya termosi unayachanganya na ya baridi ndani ya beseni. Yule dada wa Panzi aliniambia makala yake yalipungua karibu nusu siku alipoacha kuwasha na kuzima. Na mbabula isikae ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi ya makala inaua bila harufu. Washa nje.

Taulo: msimu wa mvua, taulo nzito haikauki kwa siku mbili, inaanza kunuka, na mteja akisikia harufu hiyo harudi. Wamama, tumieni vitambaa vya pamba, yaani pagne za zamani zilizo safi, kwa kumfunika mteja na kufunika kitanda. Zinakauka haraka, zinaomba sabuni kidogo. Taulo ibaki kwa miguu na uso tu. Hivyo taulo 12 zinaenea.

Kwa taa na tondezi, panneau ndogo ya jua na batri yake inaenea. Nunueni hiyo mwezi wa tatu au wa nne kwa feza ya wateja, siyo siku ya kwanza kwa feza ya deni.

Mafuta na dawa za ngozi zinatoka wapi

Kule Zanzibari, nyumba za spa ziko na singo, ule mchanganyiko wa maua na viungo ambao bibi harusi wanapakwa tangu zamani. Watalii wanaulipia vizuri sababu hawaupati kwao. Wazanzibari hawakungoja kopo toka Ulaya ili waseme wako na spa. Sisi tuko na nini?

Tuko na kahawa. Kalehe, Kabare na Idjwi wanalima arabika inayosafiri mpaka nje ya nchi. Masalio ya kahawa iliyokwisha kunywewa, ukiyakausha kwenye jua na kuyachanganya na mafuta kidogo na sukari, yanasugua ngozi vizuri sana. Mahali wanapouza kahawa wanayatupa. Omba, watakupa bure.

Tuko na avoka, asali, aloe, tangawizi, mchaichai na majani ya eukaliptusi kwa mvuke. Lakini angalisho: dawa ya avoka mbichi inatumika siku ile ile, kesho imeoza. Tengeneza kipimo cha mteja mmoja. Ukitengeneza bakuli kubwa ukafikiri umepunguza gharama, utalitupa. Na mbele ya kumpaka mteja kitu chochote kipya, mpake kidogo ndani ya mkono, ungoje. Ngozi zingine zinakataa.

Tuko na mawe. Katika mahoteli ya nje kuko masaji ya mawe ya moto, na watu wanaagiza mawe hayo kwa posta. Yanayotumika sana ni ya basalti, jiwe jeusi la volkano. Wandugu, Bukavu imekaa juu ya basalti! Chagua mawe laini ya mtoni yasiyo na ufa, yaoshe, yapashe ndani ya maji, siyo juu ya moto. Jaribu kila jiwe kwenye mkono wako mwenyewe kwa kuhesabu mpaka kumi. Kama wewe huwezi kulivumilia, mteja naye hataweza. Na kwa visigino, jiwe la lava la Goma lenye tundu-tundu linafanya kazi ya rapu ya dukani. Lakini hilo liwe la mteja mmoja, aende nalo nyumbani. Ni zawadi isiyokugharimu kitu, na litamkumbusha kurudi.

Kitu cha kutoka hapa kina faida nyingine. Mwaka 2020, wakati wa Korona, mipaka ilipofungwa, wale waliotegemea mafuta ya ngambo ya Ruzizi walikaa mikono mitupu. Njia zetu zinaweza kufungwa asubuhi moja. Kahawa ya Kabare haipiti mpaka.

Vitu vingine lazima vinunuliwe: mafuta ya kukandia, alkoli, javel. Hivyo munnunue pamoja. Watu sita wakinunua bidoni moja ya mafuta ya litri 20 na kugawana, bei ya litri inashuka, na nauli ni moja.

Pahali ambapo hatupunguzi

Sasa nisikilizeni vizuri, sababu kuna kupunguza gharama na kuna kupunguza watu.

Kwanza, wembe. Wembe ni mmoja kwa mteja mmoja, kisha unaingia ndani ya kopo gumu lenye kifuniko. Mikasi na vyombo vya kucha vioshwe kwa sabuni, halafu vichemshwe dakika 20. Kama unatumia javel ya asilimia tano, pima kipimo kimoja cha javel na tisa cha maji, loweka dakika kumi, suuza. Usizidishe muda, chuma kitapata kutu. Mchanganyiko utengenezwe kila siku. Virusi vya Sida na vya hepatiti havijui kwamba ulikuwa unabana matumizi.

Pili, makopo ya kuchubua ngozi. Najua yanauzwa, najua faida yake ni kubwa, na wateja wenyewe wanayaomba. Mengine yako na zebaki, ambayo inaharibu figo, na Mkataba wa Minamata umeikataza katika vipodozi. Mengine yako na hidrokinoni au kortizoni, na hayataji hivyo juu ya kopo. Ngozi inakuwa nyembamba, na siku ya kushonwa kwa operesheni ndipo mutajua. Ngambo ya mto, Rwanda imeyakataza. Yakikamatwa njiani umepoteza mtaji. Yasipokamatwa, umeuza ugonjwa kwa jirani yako. Chama chetu kisisaidie hiyo biashara hata kwa franga moja.

Tatu, pazia, mwanga na ruhusa. Neno masaji liko na sifa mbaya katika mji. Watu wanafikiri mambo mengine, na mume anaweza kukataa mke wake asifanye hiyo kazi. Kwa hiyo usikande mtu katika chumba chenye giza ili kubana taa. Usifanye kazi peke yako usiku. Andika bei na kazi zako juu ya ukuta ili kila anayeingia ajue kile unachouza na kile usichouza. Mteja asiyekuheshimu, mrudishie makuta yake na umfungulie mlango.

Kuna jambo zito zaidi. Tunaishi Kivu ya Kusini. Hospitali ya Panzi inajulikana dunia nzima kwa sababu ya maumivu ya wamama wetu. Mwanamke anayelala juu ya kitanda chako anaweza kuwa alipita mahali ambapo mwili wake ulishikwa kwa nguvu, na hatakuambia. Basi uliza kila mara: "Mama, naweza kushika mgongo? Naweza kuendelea?" Akisema basi, ni basi. Akitaka kubaki na nguo, abaki na nguo. Swali hilo halina gharama yoyote, na linaweza kuwa ndilo alilokuja kutafuta.

Na mtu mwenye homa, kidonda, mguu mmoja uliovimba na kuuma, au mimba changa, usimkande. Mtume kwa muganga. Utapoteza mteja wa leo, utapata jamaa yake yote.

Kaye inasema ukweli

Wengi wanapunguza bei wakifikiri wanapunguza tatizo. Tufanye hesabu ya miguu, kwa makadirio ya yule dada. Maji franga 200, makala 500, sabuni 300, mafuta 700, kufua 500, javel 100. Jumla 2,300. Bei yake ni franga 10,000. Robo ya mwenye saluni ni 2,500. Anabaki na 5,200. Anaweka 1,000 ndani ya kopo kwa ajili ya taulo na vyombo vitakavyochakaa. Anarudi nyumbani na 4,200.

Mteja anambembeleza: "Dada, unipe kwa 7,000." Amepunguza tu 3,000, siyo? Hesabuni. Robo inakuwa 1,750. Gharama ni zile zile 2,300. Zinabaki 2,950. Ukiondoa 1,000 ya kopo, anarudi nyumbani na 1,950. Bei imeshuka chini kwa sehemu tatu juu ya kumi, lakini chakula cha watoto kimeshuka zaidi ya nusu! Ili apate zile 4,200, atakanda miguu ya watu wawili na bado hazitafika. Badala ya kushusha bei, mpe mteja wa mara ya tano kufukiza uso bure. Majani ya mchaichai hayana bei kubwa.

Kaye iandikwe kila siku, kilichoingia na kilichotoka, makuta ya mkononi kando na ya simu kando. Hii siyo ushauri wa animateri tu. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria za OHADA ziko na daraja ya mfanyabiashara mdogo anayeitwa antreprenan. Huyo anatangaza kazi yake kwenye grefe bila malipo, pasipo kuandikishwa kama kampuni kubwa, na sheria inamuomba kaye kama hiyo hiyo, aitunze miaka mitano. Ukiwa na karatasi yako na vitansi vyako, anayekuja kukuomba taksi isiyo na jina anaongea kwa sauti ndogo. Twende pamoja, watu sita, siyo mmoja mmoja.

Wamama walioolewa, jueni pia: tangu sheria ya mwezi wa saba 2016 iliyobadilisha kodi ya familia, mke haombi tena karatasi ya ruhusa ya mume ili afanye biashara. Kuzungumza na baba nyumbani ni vizuri, hiyo ni amani ya nyumba. Lakini hakuna biro inayopaswa kukurudisha kwa sababu ya karatasi hiyo.

Maswali mawili

Mama mmoja aliuliza: "Wateja wa kupata wapi? Watu hawana hata chakula." Ni kweli, mama. Lakini tazama ni nani analipa tayari. Bibi harusi na mashemeji zake, kila Siku ya Posho. Wenye kazi katika mashirika. Wamama wauzaji wa jumla wa Kadutu, wanaosimama tangu asubuhi na wanaoweza kulipa kwa ajili ya mgongo wao. Usianze na kibao, anza na harusi mbili na mama mmoja wa soko mwenye mdomo mzuri. Yeye atakutangaza kuliko radio.

Kijana mmoja naye aliuliza: "Na sisi wanaume?" Karibuni. Madereva wa masafa na wachezaji wa mpira wako na migongo na miguu inayouma. Wanaume wawakande wanaume, hapo mutaziba midomo mingi.

Kwa kumaliza

Dola 900 ni kitu gani? Kwa bajeti yangu ya zamani, hazienei hata nyumba na kabini ya mvuke. Kwa bajeti ya dada wa Panzi, ni watu sita wenye kitanda, taulo na mafuta, kila mmoja katika kona ya saluni iliyo na wateja. Ninapendekeza hivi: vyombo vya dola 150 kwa watu sita, wa kwanza wao awe yule mama mwenye deni la likelemba, sababu sisi ndio tuliomtia ndani yake. Kila mmoja alipe dola kumi kwa mwezi kuanzia mwezi wa tatu. Katika miezi 15 deni limekwisha. Watu sita ni dola 60 kila mwezi, kwa hiyo kila miezi miwili na nusu mtu wa saba, wa nane, wa tisa anapata vyombo vyake.

Kwa wafadhili wetu wanaosoma: asanteni. Tunajua kabini ya mvuke inapendeza katika foto kuliko beseni. Tunawaomba mukubali foto ya beseni.

Na wewe mama uliyeniuliza mashini itakunywa kuran ya wapi: nilichelewa miaka miwili kukujibu. Ulikuwa na haki. Nisamehe. Siku ya Mungu, wakati wa kupiga kura, ninaomba wewe ndiwe uongee wa kwanza.